Pikapu mpya ama rangi mpya: pesa ya besi yako iende wapi ukiwa Mombasa

Wapiga gita la besi wawili wakikaa pamoja hapa Mombasa haichukui muda kabla mmoja hajasema anataka kutoa pikapu zilizokuja na besi yake aweke za maana, na mwenzake amjibu wachana na pikapu bana, hiyo rangi nene ya plastiki ndo inaua sauti, mpelekee fundi aikwangue apige laka nyembamba mbao ipumue. Huo ubishi uko kwa mazoezi ya kwaya, uko nyuma ya jukwaa la hoteli jamaa wakifunga nyaya saa sita usiku, na kila upande una watu wanaojua kupiga kweli kweli. Mimi naona wote wana haki kiasi, ila wote wanaongelea sauti peke yake kana kwamba tunaishi Nairobi. Huku kwetu kuna chumvi hewani na unyevu ambao mara nyingi uko juu ya asilimia 70, na hivyo viwili vinafaa kuulizwa kwanza kabla hujauliza besi itaimba vipi.

Tuanze na wa pikapu manake hao ndo wengi. Hoja yao ina mashiko. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko, uzi wa chuma ukitikisika juu yake umeme mdogo unazaliwa kwenye ule waya na huo umeme ndo sauti yako yote, kwa hivyo ukigusa hapo umegusa kila kinachofuata. Mtengenezaji magita Leo Fender alipotoa besi ya Precision mwaka 1951 aliweka koili (mzingo wa waya) moja tu, 1957 ikagawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa umeme, 1960 ikaja Jazz Bass na pikapu zake mbili, afu 1976 Leo huyo huyo akiwa na wenzake wa Music Man ikatoka StingRay yenye hambaka kubwa (pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo) kuelekea briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili, na priamp ya betri tumboni, yaani kikuza sauti kidogo. Mpaka leo ukiingia duka lolote la ala, besi nyingi zilizotundikwa ukutani ni watoto ama wajukuu wa hizo. Za bei nafuu zina umbo lile lile, ila ukifungua pikapu mara nyingi unakuta vinguzo vya chuma vimesimama juu ya kipande cha sumaku ya seramiki kilichobandikwa chini, wakati zile za kizamani nguzo zenyewe ndo sumaku, za alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Seramiki sio dhambi, kuna pikapu ghali tu za seramiki, lakini tofauti unaisikia, alniko huwa laini kidogo na seramiki huwa kali na inasukuma.

Sasa hapo ndo watu wanaruka hatua. Tofauti kubwa unayoisikia kati ya Precision na Jazz inatokana na aina ya pikapu na mahali ilipokaa chini ya uzi kuliko jina lililoandikwa juu ya kifuniko. Ukitaka ile sauti nzito ya katikati ya bango ama rege ya kizamani, na besi yako ni ya pikapu moja iliyobanana na briji, hata ukinunua ya bei ya ng'ombe haitakupa hiyo. Wauzaji nao wanapenda kutaja kilo-omu, kipimo cha ukinzani wa waya wa pikapu. Precision ya kawaida ukiipima inasoma kama 10 hadi 12, ya Jazz 7 hadi 8, basi mtu akiona 12 anadhani amenunua nguvu. Kuzungusha waya mwingi kunaongeza nguvu ndio, lakini kunakula sauti ya juu, na waya mwembamba zaidi unasoma omu nyingi bila kuongeza hata mzunguko mmoja. Hiyo namba peke yake haikwambii kitu.

Halafu kuna vitu vya bure. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho (vile vyuma vya shingoni), angalia nafasi kutoka chini ya uzi mpaka juu ya pikapu, kama milimita 3 upande wa uzi mnene na 2 na nusu upande wa mwembamba ni pazuri pa kuanzia. Besi nyingi zinatoka dukani pikapu zimezama ndani mpaka hazisikii kitu, ama zimepanda juu sana sumaku inavuta uzi na noti zinayumba. Bisibisi tu na dakika kumi. Nyuzi nazo vilevile, James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown kule Marekani, alirekodi sehemu kubwa ya kazi yake na Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe, laini juu) nzee ambazo hakuwa na habari ya kuzibadilisha mpaka zikatike, na hakuna aliyewahi kumwambia sauti yake ina kasoro. Sasa wewe nyuzi zako zina kutu ya mwaka mzima, unalaumu pikapu.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni miksa. Makanisa mengi hapa na hata kumbi ndogo za harusi, besi haina ampu yake, waya unatoka kwenye gita unaingia moja kwa moja kwenye miksa tundu la laini. Pikapu pasivu, isiyo na betri, inataka kukutana na ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja, na tundu la laini la miksa linaweza kuwa na elfu kumi au ishirini tu. Matokeo yake zile sauti za juu zinamezwa zote na besi inasikika kama iko chini ya blanketi, halafu mtu anaenda kununua pikapu mpya, anaziweka, anachomeka kwa miksa ile ile na blanketi liko pale pale. Dawa ni kiboksi cha DI, kinachokaa kati ya besi na miksa na kuipa pikapu ule ukinzani mkubwa, na ukikinunua kinahudumia kila besi itakayopita hapo kanisani. Ama priamp ndani ya besi yenyewe, na hapa nawapa haki watu wa aktivu (besi za betri) kwa sababu besi yenye priamp inaingia kwenye miksa yoyote bila kulalamika. Ila mjue betri ya volti 9 inaanza kuliwa pale unapochomeka jeki, haijalishi unapiga ama hupigi. Ile tabia ya kuacha waya umechomekwa kuanzia mazoezi ya Jumamosi ndo inafanya Jumapili asubuhi katikati ya sifa besi ianze kukoroma na mpiga kinanda akugeukie.

Na mvumo pia, ule wa mmmm wa umeme wetu wa hertzi 50. Ukishika nyuzi ukapungua, waya wa athi (wa kupeleka umeme ardhini) kwenye briji unafanya kazi na kinachokosekana ni kinga tu, bandika foili ya shaba ndani ya shimo la nyaya uhakikishe imeungana na athi. Jazz yenye pikapu za koili moja inavuma ukitumia pikapu moja na inanyamaza ukifungua volyumu zote mbili sawasawa, hivyo ndo ilivyoundwa, haijaharibika. Lakini ukigusa maiki kwa mdomo huku umeshika nyuzi ukapigwa shoti, hapo hakuna pikapu ya kukusaidia, ita fundi umeme aangalie athi ya jengo kabla mtu hajaumia.

Mpaka hapo inaonekana nawapinga watu wa pikapu, lakini kuna hoja moja yao ambayo kwa Mombasa ni nzito kuliko zote na wenyewe hata hawaitaji. Fungua besi ya zamani iliyopigwa miaka mingi hoteli za ufukweni, upepo wa bahari unaingia jukwaani usiku kucha na jasho la mkono linadondokea katikati. Vichwa vya nguzo za sumaku vimekuwa vyekundu, skrubu za urefu haziendi juu wala chini, poti, zile za ndani ya vitasa vya volyumu na toni, zina ukungu wa kijani miguuni na ukizungusha volyumu inakwaruza. Pikapu za Fender za mtindo wa zamani waya umezungushwa moja kwa moja juu ya nguzo za sumaku, kwa hivyo kutu ikishuka ndani inafika kwenye waya, mzunguko mmoja ukikatika pikapu imekufa ama imebaki na kasauti kembamba kama ka redio. Pikapu zilizofungwa kifuniko kizima bila nguzo kutokeza, kama zile za kampuni ya EMG ambazo zimemwagiwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) ndani, chumvi haina pa kuingilia. Kwa hivyo mtu akiniambia anabadilisha ili iishi, namuunga mkono mia kwa mia hata kama sauti ya EMG wengine wanaiona safi kupita kiasi.

Bei ndo kikwazo. Seti ya pikapu za Jazz ya jina linalojulikana ni kama dola 150 hadi 200 huko Marekani, weka usafiri, weka ushuru, weka VAT ya asilimia 16, mara umekaribia bei ya besi yenyewe. Na upime kwanza, pikapu ya briji ya Jazz huwa ndefu kidogo kuliko ya shingo, lakini kopi nyingi zimetiwa mbili za kipimo kimoja, na za nyuzi tano kila kampuni ina vipimo vyake. Kuchonga mbao kwa patasi kwa sababu ya milimita mbili ni njia ya haraka ya kuharibu rangi ya kiwanda.

Haya, rangi sasa. Wa laka wanasema nitroselulosi ni nyembamba, mbao inapumua, sauti inafunguka, na Fender za enzi ya dhahabu, miaka ya 50 na 60, zilipigwa hiyo, zingine kwa rangi za magari za DuPont. Ni kweli zilipigwa, kwa sababu ndo rangi iliyokuwepo na inakauka haraka kiwandani. Mimi kwa besi ya mbao nzima yenye pikapu za sumaku siamini kama kuna mtu atatofautisha laka na poliurethani (ndo ile rangi ya plastiki) akiwa amefumba macho, wacha kwenye ukumbi wenye ngoma na kinanda. Gita la akustika hilo ni jambo lingine, pale ubao wa juu ndo unaosukuma hewa.

Mahali pekee ambapo nakubali finishi inaingia kwenye sauti ni pale uzi unapogusana nayo. Mpiga besi Mmarekani Jaco Pastorius alipotumia Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti aliupaka ubao wa vidole epoksi ya maboti, kwa sababu nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, zenye mikwaruzo, zilikuwa zinautafuna ubao, na ule ugumu ukampa mng'ao ambao mbao tupu haitoi. Kwa mtu wa fretlesi hiyo ni hoja ya kweli, na epoksi ya boti sisi watu wa pwani hatuhitaji kuagiza mbali.

Kwa sisi wengine finishi ni koti la mvua. Poliurethani na poliesta ni nene, ikigongwa inabanduka kipande, haina uzuri wa kuzeeka, lakini jasho na unyevu haviingii kirahisi. Nitro inachubuka, inapasuka mistari joto likipanda na kushuka, ikikaa kwenye stendi ya mpira bila kitambaa inayeyuka pale inapogusa, na kwa mkono wenye jasho shingo inanata. Mafuta tu ya kupaka, wale wanaopenda shingo ya mbao tupu, ni matamu mkononi sijakataa, ila mbao inakunywa unyevu wa masika na shingo inatembea, kila mara uko na spana ya trasrodi, kile chuma cha ndani ya shingo cha kuinyoosha. Ukipenda ule ulaini bila hayo yote, chukua sandpepa laini sana, ukwaruze mgongo wa shingo ya poli mpaka mng'ao utoke basi, kinga inabaki na mkono unateleza.

Na wale mnaopeleka besi kwa fundi wa rangi za magari, kazi yao wengine ni safi kuliko kiwanda, wanajua kusugua na wanajua klia (koti la juu lisilo na rangi). Lakini mwambie asipige laka siku ya mvua. Tina ikiruka haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unaganda pale pale na rangi nyeusi inakuwa na ukungu mweupe kama maziwa, na sio kwamba rangi ni feki. Anasubiri siku kavu ama anatia tina ya kuchelewesha. Akitumia rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) avae barakoa ya maana, ile sumu ya isosayaneti sio ya kufunga leso puani.

Kwa hivyo mtu mwenye elfu ishirini na besi ya kawaida ya kanisani, mimi ningempeleka kwenye nyuzi, setapu (kurekebisha urefu wa nyuzi na shingo), foili ya shaba, poti mpya na kiboksi cha DI, na pikapu zisubiri mpaka za zamani zianze kuonyesha kutu ama ajue kwa hakika ni sauti gani anaitafuta. Rangi asiiguse kama haijapasuka mpaka mbao. Tofauti ni kwa wazee waliobaki na Fender zao za enzi za bendi za hoteli, hizo rangi yake ya asili ni pesa, ukiikwangua umeikata thamani siku hiyo hiyo. Pikapu ikifa kwa besi kama hiyo inazungushwa waya upya kwenye sumaku zile zile, na kama unaweka nyingine ya kupigia kazi, ile ya zamani funga kwa karatasi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu uiweke ndani ya kesi yake.