Tunalipia hewa ndani ya boksi

Hili la kutozwa kwa ukubwa wa boksi badala ya uzito wake, unapotuma mzigo kwa ndege, linaniudhi kweli. Sikatai, nafasi ndani ya ndege ni finyu, na mzigo mwepesi lakini mkubwa huziba nafasi ya mwingine. Ila kwa nini hesabu zitofautiane? Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40, lenye nguo za kilo 8. Mashirika mengi ya ndege hugawanya ujazo wake, sentimita za ujazo 120,000, kwa 6,000: unalipia kilo 20. Kampuni nyingi za vifurushi hugawanya kwa 5,000: unalipia kilo 24. Boksi ni lilelile! Halafu tozo ya mafuta, tozo ya usalama, na nyingine unazikuta kwenye ankara mzigo ukishaondoka. Tuambieni bei kamili kabla hatujafunga boksi.