Punje zilizokataa kuwa duara

Saa mbili na nusu nzima nilikuwa nagombana na ndizi bila kujua.

Tuko Moshi, kwenye hadubini ya elektroni, na sampuli ni wanga wa ndizi mshare: umekaushwa, umenyunyizwa juu ya gundi ya kaboni, ukapakwa dhahabu ya nanomita 10 hivi ili chaji isijikusanye. Kilovolti 5, ukuzaji mara 800. Punje zote mayai! Nikajua mara moja, nani kama mimi: astigimatizimu hiyo. Mwale wa elektroni haukutani sehemu moja, upande huu unawahi na ule unachelewa, ndiyo maana kuna stigimeta, kirekebishi chenye koili nane za kuubana huku na kuuvuta kule.

Stigimeta ina vifundo viwili, X na Y. Nikazungusha X. Mayai. Y. Mayai yenye ukungu. Nikasingizia kitundu cha lenzi, kinapopita mwale, kimechafuka, nikasingizia nyaya za ukutani, nikamfuata hata Otto Scherzer kaburini, mwanafizikia Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1936 kwamba lenzi ya elektroni ya duara haikwepi kasoro ya tufe, yaani miale ya pembeni kukutana mahali tofauti na ya katikati. Maskini Scherzer. Kasoro ile hutia ukungu pande zote sawasawa, haifinyangi yai. Barua ya kumwita fundi ilibaki kutiwa saini tu.

Dada wa usafi akachungulia.

"Kaka, si ndiyo ile mshare?"

"Ndiyo."

"Kwani ulitaka iwe duara kama njegere?"

Nikatazama upya. Punje moja imelala kuelekea mlangoni, jirani yake dirishani. Astigimatizimu ingezivuta zote upande mmoja, na ukipitisha fokasi katikati mvuto ungegeuka nyuzi 90. Zangu hazikugeuka hata kidogo.

Tatizo, kwa kuzungusha kwangu sasa nilikuwa nimeiharibu picha kweli. Stigimeta nikazirudisha sifuri, nikaweka sampuli ya kupimia, dhahabu juu ya kaboni, ukuzaji mara 20,000. Kwanza kitundu: fokasi ikichezeshwa, picha ipumue palepale, isikimbie. Halafu fokasi katikati, pale michirizi inapopotea. X hadi kingo zikaze, fokasi tena, Y, fokasi tena, rudia. Dakika kumi.

Nikarudisha wanga. Mayai, ila safari hii yana kingo kali kama wembe.

Dada akapita na deki lake. "Zimekubali?"

"Zimekataa."