Fundi, Usiipake Rangi

Fundi saa mmoja hapa Mwanga, Kigoma, aliipokea saa yangu, akaigeuzageuza, kisha akasema: "Mwanangu, niachie siku mbili. Uso nitaupaka rangi mpya, utang'aa kama wa dukani." Nikaichukua mkononi mwake haraka, kwa adabu lakini haraka.

Ni Seiko 6309, saa ya wazamiaji iliyoandikwa mita 150. Aina hii ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988, na namba ya nyuma ya yangu inaanza na 2, ikifuatiwa na herufi N. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi: O ni Oktoba, N Novemba, D Desemba. Basi ni Novemba 1982. Siku nilipoielewa hiyo N sikulala mapema.

Wenye fedha zao hutafuta saa za wazamiaji kama Blancpain Fifty Fathoms na Rolex Submariner za miaka ya 1950. Sina ugomvi nao, wala sina hela zao. Ila hao nao wanajua lile fundi wangu asilotaka kulisikia: uso wa asili uliofifia una thamani kuliko uliopakwa upya. Saa nyingi za Uswisi za miaka ya 1960 na kuendelea ziling'aa gizani kwa tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mnururisho, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Leo mwanga umekwisha, na nukta zilizokuwa nyeupe zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna brashi inayoweza kuileta rangi hiyo. Kibaya zaidi ni saa za kuungaunga: akrabu za hii, pete ya ile, uso uliochapwa juzi, na muuzaji anakuapia kuwa saa imetoka navyo vyote kiwandani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ile pete inayozunguka. Mzamiaji huisogeza alama yake mpaka kwenye akrabu ya dakika, akashuka, na kila akitazama anaona amekaa chini dakika ngapi. Ndiyo sehemu pekee ya saa isiyobishana na sisi Waswahili. Akrabu fupi ikiwa kwenye 12 tunasema saa sita, lakini dakika ishirini ni dakika ishirini kwa kila mtu. Mimi huitumia kupimia maharage jikoni.

Ziwa letu, Tanganyika, lina kina cha karibu mita 1,470, kwa hiyo watu hudhani naivaa nikizamia. Thubutu! Mpira wake wa kuzuia maji umechoka. Niliwahi kunawa mikono tu, ukungu ukatanda ndani ya kioo hadi jioni.

Juzi nikiwa Kibirizi, mvuvi aliyekuwa anashona wavu akaikodolea macho. "Kaka, hiyo haiingizi maji?"

"Zamani ilikuwa haiingizi," nikamjibu. "Siku hizi inakunywa."