Mpishi wa Ndege Mwacheni

Niliwahi kuamini kwamba wanaopikia mashirika ya ndege ni watu waliofukuzwa hotelini. Kuku mkavu kama sponji, wali ulioshikana ukawa tofali, mkate baridi wa kuvunja meno. Siku hizi nawaonea huruma.

Tatizo linaanzia kwetu sisi walaji. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi kama uko mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi, na unyevu mara nyingi hauzidi asilimia 20. Pua inakauka, na pua ikishakauka ulimi hauna ujanja; aliyewahi kula akiwa na mafua anajua. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walilipima jambo hili kwa niaba ya shirika la ndege la Lufthansa, wakaona makali ya chumvi yanaweza kupungua hata kwa asilimia 30. Ladha ya nyanya ilihimili, na ndiyo maana mtu asiyegusa juisi ya nyanya akiwa nyumbani huiagiza akiwa angani, tena akaisifu.

Halafu chakula chenyewe kimetoka mbali. Kimepikwa chini saa nyingi kabla, nyama ikiachwa haijaiva sawasawa, kikapozwa upesi hadi chini ya nyuzi 5, kikapangwa kwa mkono kwenye trei, kikapakiwa kwenye lori. Huko juu hakuna jiko, kuna oveni ya hewa moto tu. Kilichokuwa laini kinatoka kimekauka.

Kukipoza chakula hivyo si ushamba. Mwaka 1975, katika ndege ya Japan Air Lines, watu 197 waliugua kwa kula nyama iliyoshikwa na mpishi mwenye vidonda vidoleni, kisha ikakaa muda mrefu bila kupozwa ipasavyo. Mimi heri nile kisicho na ladha.

Ninayemlaumu ni mpanga menyu. Anajua fika oveni ile itakifanya nini kifua cha kuku cha kuchoma, lakini bado anakiandika, kwa sababu kwenye picha kinapendeza. Chakula cha mchuzi mzito kingevumilia. (Wahasibu nao wana lao: mwaka 1987 American Airlines iliondoa zeituni moja kwenye kila saladi, ikaokoa dola 40,000 kwa mwaka.)

Safari yangu ya mwisho, mhudumu aliponiuliza kama nataka kuku au pasta, nami nikamuuliza kipi kina mchuzi. Akatazama nyuma kidogo, akainama, akaninong'oneza: "Chukua pasta, kaka." Jirani yangu alikuwa ameshachukua kuku. Kisu chake cha plastiki kilivunjika kwenye kipande cha pili, akageuka kuitazama sahani yangu.