Meru Inauza Barabara, Mwenye Mtaji Aulize Maji

"Lami ipo, umeme upo, uwanja wa ndege uko karibu." Hayo ndiyo utakayoambiwa na dalali wa viwanja ukishuka tu Usa River. Ndiyo hayo hayo, kwa lugha ya kiofisi, yanayojaa kwenye wasifu wa kiuchumi ambao halmashauri zetu huwaandalia wawekezaji. Sina ugomvi nayo, maana ni ya kweli. Ninachouliza ni kama yanamtosha mtu anayetaka kuleta fedha zake Meru, na kama sisi wenyeji tutafaidika akishazileta.

Tumsikilize dalali kwanza. Halmashauri ya Meru na ile ya Arusha, ambazo kwa pamoja ndizo Wilaya ya Arumeru, zimelizunguka Jiji la Arusha pande zote. Sensa ya 2012 ililikuta jiji hilo na watu 416,442. Ile ya 2022 ikakuta 617,631. Hao laki mbili walioongezeka wanakula kila siku, na sehemu kubwa ya mboga, ndizi na maziwa yao hutoka huku kwetu. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru ina kilomita 14.1, na ile ya mchepuo ina kilomita 42.4, kwa hiyo lori linalotoka Moshi kwenda Namanga halilazimiki tena kukwama katikati ya mji. Tengeru penyewe pana Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia, pana kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, pana na chuo cha mifugo. Wilaya chache nchini zina wataalamu wa kilimo wengi namna hii wanaofikika kwa nauli ya bodaboda.

Kwenye uwanja wa ndege ndipo ninapoanza kusita. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, upo wilaya ya Hai, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu, na watalii hushuka hapo kila siku. Lakini kwa miaka mingi maua na mboga za kuuzwa Ulaya zimekuwa zikipakiwa kwenye malori, zikivuka Namanga na kwenda kurushwa Nairobi, kwa kuwa ndege za mizigo zinazotua KIA ni chache. Ua halivumilii foleni ya mpakani. Anayepanga biashara ya kuuza nje akitegemea umbali wa KIA kwenye ramani atajikuta amepiga hesabu ya barabara nyingine kabisa.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo wasifu mwingi hupita haraka kuliko inavyofaa. Mgeni akiuona Mlima Meru na mifereji inayoshuka kutoka msituni, anaamini maji hayawezi kuwa tatizo. Wingi wake kweli si haba upande wa kusini wa mlima. Shida iko ndani ya maji yenyewe: miamba ya volkano imeyatia madini ya floridi, sehemu nyingine mara nyingi zaidi ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Maji ya Chai, Ngurdoto, Ngarenanyuki, kote huko utakutana na watu wazima wenye meno ya kahawia waliyoyapata utotoni kwa kunywa maji ya kwao, na wengine mifupa imepinda. Hilo ni jambo la afya kabla halijawa la biashara, na linaniuma kila ninapoona kisima kipya kinazinduliwa bila kipimo chake kubandikwa hadharani.

Kwa mwenye mtaji maana yake iko wazi. Kiwanda cha vinywaji, shule ya bweni, hospitali au hoteli itabidi iweke gharama ya kuchuja maji kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ufumbuzi upo, na mwingine umezaliwa hapa hapa: Dkt. Askwar Hilonga wa Nelson Mandela alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake, na Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Nani kasema tatizo hili haliwezi kuwa soko? Lakini soko hilo halitaonekana iwapo wasifu utaandika tu "maji yanapatikana".

Ardhi ni kidonda cha zamani. Tangu enzi za Wajerumani mlima ulizungushiwa mashamba ya walowezi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa, New York. Wajukuu wa waliohamishwa leo wanagawana kihamba, yaani shamba la ukoo, ambacho kila kizazi kinakipunguza. Wanaotetea mashamba makubwa wana hoja nzito: vitalu vya maua vimewapa ajira kina mama wengi ambao wasingepata mshahara kwingine, na halmashauri inapata mapato yake. Wanaopinga wanauliza ekari hizo zingelisha familia ngapi. Nimezisikiliza hoja zote mbili kwa miaka, na naegemea upande wa pili. Kwangu, mwekezaji anayehitaji mamia ya ekari amechelewa kufika Meru. Hata sheria haimpi wepesi, kwa kuwa mgeni hamiliki ardhi ya kijiji, na ya kijiji haihamishwi kuwa ya uwekezaji bila wanakijiji kushirikishwa. Amani ya muda mrefu haipatikani kwa kuwaruka hao.

Kodi na tozo sitakaa nazo sana. Ushuru wa huduma hukokotolewa kwenye mauzo, si kwenye faida, hivyo biashara yenye faida nyembamba iliweke hilo akilini mapema.

Anayehitajika ni yule wa eneo dogo na kazi nyingi: chumba cha baridi, kiwanda cha kusindika nyanya, karakana ya kufungasha parachichi, mtambo wa maziwa. Huyo hamgusi mtu kihamba, na anawahitaji wakulima kama wao wanavyomhitaji. Hata mjadala wa KIA unabadilika akiwepo, maana nyanya iliyosindikwa haihitaji ndege.

Kwa anayesoma hili akiwa na mtaji mkononi: kabla hujaingia ofisi yoyote, njoo soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi. Fika asubuhi, nyanya za Ngarenanyuki zinaposhushwa, umuulize mama mmoja muuzaji bei ya tenga. Zunguka, kunywa chai, kagua barabara. Saa kumi jioni, lori la mwisho la wanunuzi likishaondoka, rudi kwa mama yule yule na uulize tena bei ya tenga lililobaki.