Kufanikiwa Huku Unadaiwa

Februari 2024 Tanzania ilipoteza wazee wawili wa siasa ndani ya mwezi mmoja. Edward Lowassa alifariki tarehe 10 akazikwa kwao Monduli. Ali Hassan Mwinyi alifariki tarehe 29, akazikwa Mangapwani, Unguja. Wote wawili waliwahi kujiuzulu kwa mambo yaliyotokea chini ya mamlaka yao. Mwinyi aliondoka kwenye uwaziri, na miaka chini ya kumi baadaye alikuwa Rais. Lowassa aliondoka kwenye uwaziri mkuu, akaitafuta Ikulu kwa miaka mingi na hakuipata.

Katika siku zile za misiba miwili nilisikiliza watu wanavyozungumza, na kilichonishangaza ni jinsi tulivyozipa barua hizo mbili za kujiuzulu maana tofauti. Ya Mwinyi ilitajwa kama nishani. Ya Lowassa ilipitwa haraka, kwa jina ambalo wengi wameizoea nalo, ajali ya kisiasa. Nadhani chini ya tofauti hiyo kuna swali kuhusu mafanikio ambalo hatujalikubali wala kulikataa: mtu akishafika juu, aliowaumiza njiani wana haki gani kwake?

Tuanze na Mwinyi, kwa kuwa yeye ndiye mfano tunaoupenda. Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na wimbi la mauaji, hasa ya vikongwe walioshukiwa uchawi. Vyombo vya dola vikaendesha operesheni. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliotumwa kulinda raia. Mambo yalipofichuka, Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliachia ngazi mwanzoni mwa 1977. Hakuna aliyesema alimgusa mtu kwa mkono wake. Alisema, kwa kitendo chake, kwamba wizara ni yake na yaliyofanywa na wizara ni yake pia.

Kilichofuata tunakijua. Alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi mwaka 1982 akapewa wizara, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Muungano Novemba 1985. Kwa hiyo tumejifundisha, na tunawafundisha watoto, kwamba kukubali kosa hulipa. Hapo mimi nina shaka. Mwinyi hakujiuzulu peke yake. Waziri mwenzake aliyehusika na usalama aliondoka pia, na wakuu wa mikoa ile miwili. Ni wangapi leo wanaweza kuwataja kwa majina bila kwenda kutafuta? Waliwajibika kwa jambo lile lile, na hakuna aliyeishia Ikulu. Ukichagua mmoja aliyepanda na kuwaacha waliobaki, unapata hadithi nzuri kuliko ukweli. Na ukimwambia kijana akiri kosa kwa sababu Mwinyi alikiri akawa Rais, umemfundisha kufanya hesabu ya faida tu.

Upande wa pili wa Lowassa unastahili kuelezwa kwa haki, kwa maana mara nyingi haupati haki. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, kampuni iliyopewa kazi mwaka 2006 nchi ilipokuwa gizani kwa ukame. Lowassa alisimama bungeni akalalamika kwamba kamati haikumhoji, kisha akatangaza kujiuzulu. Mpaka anafariki hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa suala hilo, na hakuwahi kukubali kwamba alikosa. Mwaka 2015 aligombea urais kupitia Chadema na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, akapata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40.

Wapiga kura hao hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wanahesabu vitu wanavyoviona: shule za kata alizozisukuma akiwa Waziri Mkuu, mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga aliousimamia akiwa Waziri wa Maji. (Ni Shinyanga ile ile ya mauaji na operesheni.) Mama ambaye bintiye alisoma sekondari kwa kuwa shule ilijengwa kijijini ana sababu ya kusema kwamba mafanikio ya kiongozi ni kazi aliyoiacha, na kwamba kumdai mtu toba kwa jambo analolikana ni kumdai asilo nalo. Hoja hiyo ina uzito. Huwezi kumlazimisha mtu akiri ili wewe upate kuridhika, na anayesisitiza kwamba hakukosa hawezi kuomba msamaha bila kusema uongo.

Lakini tunaikimbiza hoja hiyo mbali mno. Tunaitoa kwa waliokana, tunaipeleka kwa watu ambao kosa lao linajulikana na kila mtu mtaani.

Chukua jambo la kawaida kabisa, mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kina mama thelathini wanakutana kila wiki chini ya mwembe, sanduku lina kufuli tatu na kila funguo ina mtu wake. Mwezi wa mgao unakaribia. Siku moja sanduku linafunguliwa, hesabu ya daftarini haifanani na kilichomo, na mweka hazina yuko safarini na simu haipatikani. Mmoja alikuwa anasubiri mgao alipe ada. Mwingine alikuwa amekopa kwa jirani kwa kutegemea siku ile. Wanagombana wao kwa wao kuhusu nani alimpa nani funguo, kikundi kinavunjika, na wengine hawasalimiani tena hadi leo.

Miaka kumi inapita. Mtu yule anarudi, ametoboa. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na gari zuri. Kanisa linajenga, anaalikwa kuwa mgeni rasmi wa harambee, anatoa milioni tano taslimu na mifuko mia ya saruji, na vigelegele vinapigwa. Kwenye viti vya nyuma wamekaa akina mama watatu au wanne wa kikoba kile. Wanapiga makofi pamoja na wenzao kwa sababu ukikaa kimya utaonekana una wivu.

Nimeliona jambo la namna hii kwa sura mbalimbali, na naamini msomaji naye amewahi kuliona. Wanaomtetea husema amerudisha kwa jamii, tena zaidi ya alichochukua. Kihesabu ni kweli. Shida ni kwamba jamii si kina mama wale. Saruji imekwenda kanisani, sifa zimemrudia yeye, na aliyekosa ada ya mwanawe mwaka ule bado anadai. Tena hana mahali pa kudai, kwa kuwa mdaiwa wake sasa ndiye mfadhili wa wote.

Hata hivyo, lazima tumwelewe anayenyamaza. Akisimama mbele ya watu aseme nilikula hela zenu, nini kitatokea? Ndugu watafedheheka, wateja watamkimbia, watoto watachekwa shuleni, na kuna atakayekwenda polisi siku hiyo hiyo. Sisi tunaodai watu wakiri hatujawahi kutengeneza mahali salama pa kukiri. Anayekiri tunampiga kwa kosa na kwa kulisema. Asiyesema tunamwita mheshimiwa.

Serikali nayo imechangia kuchafua jambo hili. Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kurejesha fedha ili waachiwe. Mkurugenzi wa Mashtaka akaleta hesabu: watuhumiwa 467 walikuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.84. Kwa wengi ulikuwa ushindi, kwa kuwa fedha za umma zingerudi na magereza yangepungua. Lakini mengi ya makosa yale hayakuwa na dhamana. Mtu aliyekwisha kaa rumande miaka mitatu bila kesi kusikilizwa, akiambiwa akiri aende nyumbani, atakiri hata asilolifanya. Wapo waliokiri kwa kuwa walikosa, na wapo waliokiri kwa kuwa walichoka, na karatasi yao inafanana. Mwaka 2023 Rais Samia mwenyewe alihoji hadharani ziko wapi baadhi ya fedha zilizotokana na makubaliano ya aina ile. Baada ya hapo, ukimwambia mtu akiri, ana haki ya kukuuliza unamwandalia nini.

Kuna aina nyingine ya kuomba radhi tunayoiona sana, nayo ni ya kuelekea juu. Julai 2019 zilivuja sauti za simu za baadhi ya wanasiasa wa chama tawala wakimsema Rais. Septemba 10 mwaka huo Nape Nnauye alikwenda Ikulu kuomba msamaha, akasamehewa. Miaka miwili na ushee baadaye, chini ya Rais mwingine, alikuwa waziri. Simlaumu kwa kwenda. Mtoto kumwomba radhi mzazi ni desturi yetu, na kusamehe kule hadharani kulipunguza chuki. Ninachosema ni kwamba radhi inayoombwa kwa mwenye uwezo wa kukupandisha na kukushusha ni rahisi kuielewa. Inayotuonyesha mtu ni ile anayoiomba kwa asiyeweza kumpa chochote.

Ndiyo maana Pemba bado inaniumiza. Januari 26 na 27, 2001, waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF waliodai uchaguzi mpya walipigwa risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu wasiopungua 35 waliouawa Zanzibar, na watu kama 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi ya kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi. Wakati huo serikali ililitetea Jeshi la Polisi. Oktoba mwaka huo CCM, chama tawala, na CUF wakatia saini Muafaka, makubaliano ya kumaliza mgogoro. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais, aliendelea kuongoza hadi 2005, akapata heshima kubwa ya usuluhishi barani Afrika. Mwaka 2019, katika kitabu cha kumbukumbu zake, aliandika kwamba mauaji yale yamebaki kuwa doa kwenye urais wake. Mwaka uliofuata akafariki.

Wapo wanaosema hilo lilikuwa bure, limekuja miaka kumi na minane baadaye, alipokuwa hana cha kupoteza. Mimi naliona lina thamani kubwa kuliko hivyo. Marais wachache wa Afrika wameandika kwa mkono wao kwamba chini yao raia waliuawa na kwamba jambo hilo linawauma. Angeweza kulipita kwa aya moja kuhusu sheria na utulivu. Lakini pia ni kweli kwamba kitabu kilizinduliwa Dar es Salaam, mbele ya wakubwa wenzake, na mjane wa Micheweni, kule Pemba, hakuwa mlengwa wake. Nusu ya jambo ilifanyika, na nusu hiyo naiheshimu. Nusu ya pili ilikuwa kwenda Pemba.

Majirani zetu Kenya walijaribu njia nyingine. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola kwa dhuluma zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Maneno yalitoka siku moja, na fedha waathirika waliendelea kuziulizia mwaka hadi mwaka. Hapo utaona kwa nini watu wa kawaida hawashtuki tena wakisikia mkubwa ameomba radhi.

Wanaosema mafanikio ni kazi iliyoachwa, na yaliyopita si ndwele, mara nyingi hutafuta nguvu kwenye dini: Mungu ndiye mwenye kusamehe. Waislamu wa pwani wanajua kwamba dini yao haiachi mlango huo wazi kirahisi. Haki ya Mungu utaiomba kwa Mungu, lakini haki ya mja hairuki mja. Ndiyo sababu mazikoni, kabla jeneza halijainuliwa, ndugu husimama na kutangaza: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwa familia. Watu huja baadaye kimyakimya. Wa shilingi elfu themanini za duka, wa ujira wa shamba, wa mkopo usioandikwa. Familia hulipa, na wengi wa wadai husamehe papo hapo kwa kuwa walichotaka ni kutambuliwa. Wakristo nao wanaye Zakayo, aliyeahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, akiwa hai, tajiri, na bado mtoza ushuru. Hakusema atachangia sinagogi.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua upande, nasimama na wanaosema mafanikio hayajakamilika mpaka aliyeumizwa ametafutwa. Sidai mikutano ya hadhara wala machozi mbele ya kamera, na sidai mtu akiri alichokikana kwa dhati. Wala simtaki mfanyabiashara wetu asimame kanisani. Daftari la kikoba lina majina thelathini, na wengi wao wana namba za simu. Anaweza kwenda nyumba moja moja jioni, na bahasha, akasema nilichukua na nilijua ni zenu. Wengine watamtukana. Mmoja au wawili watamfukuza. Mwingine atakuwa ameshafariki, na itabidi amuulizie mtoto wake, yule aliyekosa ada.