Umemaliza mifumo ya habari? Ingia mtaani kwanza, masta ya Ulaya haikimbii

Vyuo vikifunga mwezi wa saba, WhatsApp yangu hujaa sauti kutoka Dodoma, Mzumbe na Kijitonyama. Wote wanauliza jambo moja: "Kaka, nimemaliza mifumo ya habari. Niunganishe masta au niingie mtaani?" Jibu langu huwaudhi zaidi wazazi wao. Ingia mtaani. Na nalisema mimi niliyekuja Ujerumani kusoma masta hiyohiyo, kwa hiyo atakayeniita mnafiki simkatazi.

Kwanza tuelewane kwamba hapa Ujerumani swali hilo karibu halipo. Mwanafunzi wa Wirtschaftsinformatik, ndiyo fani yetu hii ya kompyuta na biashara, anasoma huku ameajiriwa. Wanamwita Werkstudent. Muhula ukiendelea anafanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, ofisini, akilipwa, na bosi wake anajua kabisa kwamba mwezi wa mitihani hataonekana. Akimaliza shahada ya kwanza tayari ameshaharibu na kutengeneza mifumo ya kampuni za watu. Kwa hiyo Mjerumani akikuambia "endelea tu na masta," anaongea mtu ambaye kazi hajawahi kuiacha.

Kwetu mlango wa kazi na mlango wa masomo vimejengwa nyumba mbili tofauti. Ukiwa chuoni unakula bumu, fedha za Bodi ya Mikopo, na kusubiri fildi ya wiki chache, ambako wengi wetu tulifundishwa kubadili wino wa printa na kutumwa chai. Mwajiri anamwona mwanafunzi kama mgeni wa kuvumiliwa. Ndiyo maana ukiunganisha masta papo hapo unatoka na vyeti viwili na uzoefu uleule wa fildi. Kuna wanaofanya hivyo kwa kupenda elimu, nawaheshimu. Wengi ninaowasikia wanakimbia kukaa nyumbani na kuulizwa na majirani, na masta inakuwa kivuli cha kujifichia miaka miwili. Jua linawakuta palepale.

Tazama hata wenye fedha za kutusomesha wanataka nani. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, wa kozi za maendeleo, ule wa EPOS ambao Watanzania wengi huuota, unataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya digrii. Chevening ya Uingereza inahesabu saa 2,800 za kazi. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ndiyo inayompokea hata aliyemaliza jana, na kama matokeo yako yanang'aa, omba, sikuzuii. Lakini usipange maisha juu ya nafasi hiyo moja.

Asiye na ufadhili ajue hesabu kabla shangazi hajauza kiwanja. Kupata viza ya masomo ya Ujerumani lazima uonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima, na wengi huziweka kwenye akaunti iliyofungwa, Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30, na unaruhusiwa kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Ada? Vyuo vingi vya umma havitozi, ila jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza maelfu. Wakala wa mjini anayekuambia "Ujerumani elimu bure" huwa hafiki kwenye sentensi hii.

Utasema utafanya kazi ukiwa huku. Sheria inakupa siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Ni nyingi. Tatizo ni kazi gani. Huku nimewaona vijana wenye GPA ambayo mimi sikuwahi kuipata wakipanga maboksi ghalani usiku na kusambaza vyakula kwa baiskeli kwenye mvua ya Novemba, kwa sababu Kijerumani hakijakaa na kwenye wasifu wao hakuna mstari hata mmoja wa kazi ya fani. Saa nne asubuhi wako darasani wanasinzia. Waliotoka nyumbani na uzoefu, hata wa taasisi ndogo ambayo hakuna Mjerumani aliyewahi kuisikia, ndio walioitwa kwenye usaili wa Werkstudent.

Na hapa ndipo ninapong'ang'ania. Fani yetu, ukiiondoa kwa watu wanaotumia mfumo, inabaki michoro. Kabla ya kuja nilifanya kazi Morogoro, kwenye taasisi ya mikopo midogo. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba kila mtumiaji ana jina lake na nywila yake. Kazini nikakuta maofisa mikopo wote wa tawi wanatumia nywila moja, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Nikataka kugomba. Mama mmoja, mhasibu wa siku nyingi, akaniambia, "Mwanangu, mfumo ukikufungia nje saa tano, wa kuufungua yuko Dar na simu hapokei. Wateja wamepanga foleni hadi nje. Wewe ungefanyaje?" Ukuta ule ulinifundisha usalama wa taarifa kuliko kozi nzima: watu huvunja kanuni pale ambapo kanuni imesahau kazi yao.

Palepale nilikutana na malipo ya simu. Mteja analipa rejesho kwa *150*00#, menyu ya M-Pesa, kwake imekatwa, kwetu haijafika, na anakuja na ujumbe kwenye simu kama hati ya mahakama. Ujumbe ule mara nyingine ulifika baada ya yeye kulipa mara ya pili. Kulinganisha miamala ya mtandao na daftari letu kila jioni ilikuwa kazi ya kuchosha, na mshahara ulikuwa wa kuchekesha. Lakini nilipofika darasani huku na mwalimu akatutaka tuchore mchakato wa malipo na mahali unapoweza kukatika, wenzangu walichora mishale iliyonyooka. Mimi niliomba karatasi ya pili.

Ajabu nyingine ni kwamba nchi hii tunayoikimbilia ina mengi ya kujifunza kwetu. Mwaka 2017 Ujerumani ilipitisha sheria ya kutaka huduma 575 za ofisi za umma zipatikane mtandaoni kufikia mwisho wa 2022. Muda ulipita, lengo halikufikiwa. Mpaka leo barua za bima, za benki na za ofisi ya uhamiaji zinanijia kwa posta, na nyingine natakiwa nizichapishe, nisaini, nizirudishe. Sisi tunalipia leseni, maji na ada za shule kwa kontroli namba tukiwa kwenye daladala. Sisemi tumewazidi. Nasema kijana aliyeshiriki kuunganisha hospitali au halmashauri na mfumo wa malipo wa serikali ameona jambo ambalo profesa wake wa Ulaya bado analisubiri.

"Sasa kaka, hiyo kazi iko wapi?" Ndiyo pingamizi la kweli, na wanaonijibu hivyo sina la kuwabishia. Ukisubiri Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, ikuite, utasaili pamoja na umati kwa nafasi chache. Kazi ninayoisema mimi mara nyingi haitangazwi. SACCOS yenye programu ya zamani isiyofunga mahesabu, duka la dawa la jumla ambalo mwenyewe hajui nini kimeisha stoo, hospitali ya misheni, shule binafsi inayohangaika na madeni ya ada. Huko wanahitaji mtu wa kukaa na watumishi na kuuliza maswali. Watalipa kidogo. Wakikuweka kwenye ajira rasmi, Bodi ya Mikopo nayo itachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwamba kwenye laki sita unaaga elfu tisini kabla hujaiona. Inauma, lakini deni hilo lingekusubiri hata baada ya masta.

Usikae sana, lakini. Huku bima ya afya ya bei ya mwanafunzi kwa kawaida inakoma ukifika miaka 30, na baada ya hapo malipo yanapanda wakati mfuko ni uleule. Miaka miwili au mitatu ya kazi inatosha.

Anayetaka kufundisha chuo kikuu, huyo ushauri wangu haumhusu sana. Matangazo ya wahadhiri wasaidizi nyumbani yanaangalia GPA, kuanzia 3.8 kwa shahada ya kwanza, kisha masta. Kama unayo na moyo uko darasani, unganisha. Wengine mkumbuke kwamba tangu Novemba 2023 Ujerumani inaweza kumpa mtaalamu wa kompyuta Blue Card, kibali cha kuishi na kufanya kazi, hata bila digrii, mradi awe na miaka mitatu ya uzoefu ndani ya saba iliyopita na mkataba wenye mshahara unaofikia kiwango. Soko lenyewe limeshasema linalipia nini.

Na huko utakakopata, hata kama ni kujitolea, usiondoke bila barua. Iseme ulianza lini, ukamaliza lini, ulifanya saa ngapi kwa wiki na ulishika mfumo gani. Chevening hupokea hata saa za kujitolea. Ipigwe mhuri. Wajerumani wanapenda mhuri kuliko hata afisa mtendaji wa kata yako.